Kidonge Kutoka Mkononi mwa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, nilijua kwamba dawa haimponyi mtu kwa sababu ya mti wake, bali kwa sababu ya mkono ulioitoa. Hilo alinifundisha bibi yangu mzaa baba, na kijiji chetu kule Msangano kiliamini hivyohivyo. Mzizi uleule ukichimbwa na mwenye mkono mzuri unatibu. Ukichimbwa na mwenye kinyongo, unakuwa magugu tu, au kibaya zaidi. Ndiyo maana mgonjwa hakujichukulia dawa mwenyewe. Alikaa akangoja, akakinga viganja viwili, akapewa, akanywa hapohapo mbele ya mtoaji, asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani.

"Dawa ishindane na ugonjwa," Bibi alikuwa akisema, "isishindane na ugali."

Leo mimi ni mtu mzima, nauza mchele Tunduma, na sina subira na habari za uchawi. Wateja wangu wananijua. Mtu akinianzia kwamba jirani kamfunga biashara, namuuliza kwanza kama anafungua duka mapema. Nimebishana na wachungaji, nimebishana na madereva wa malori, nimebishana na mume wangu mpaka akahamia chumba cha wageni. Lakini lipo jambo moja la utotoni ambalo nikilikumbuka ubishi wote unaniishia, nakaa kimya, na mtu akiniona hudhani naumwa.

Mama yangu aliolewa akiwa yatima. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, akalelewa huku na huku, mara kwa shangazi, mara kwa mjomba, mpaka Baba alipomkuta. Bibi naye alizaa wanaume watupu. Kwa hiyo alipoletewa mkwe, alimpokea kama mtu aliyepata kitu alichokuwa amekwisha kukata tamaa nacho. Wanawake wa kijijini waliwasema. Walisema haijapata kuonekana mkwe na mama mkwe wanasukana nywele. Mama akijibu kwamba wivu tu unawasumbua, Bibi alicheka mpaka anashika mbavu. Nyumba yake ilitazamana na yetu, uwanja ukiwa katikati, na njia iliyochorwa na miguu yao wawili haikuota nyasi hata masika.

Baada ya kumzaa mdogo wangu wa mwisho, Mama alianza kuumwa mgongo. Kazi ya mpunga ni ya kuinama, na yeye alikuwa akiinama na mtoto mgongoni. Jioni alirudi amejishika kiuno kama mzee. Bibi alimwangalia, na siku ya mnada akaondoka mapema.

Miaka ile ndipo bidhaa zilipokuwa zinaanza kuonekana tena. Wakubwa walikuwa bado wanasimulia jinsi walivyokaa bila sabuni. Sasa wafanyabiashara walitoka mpakani na mabegi ya vitenge, betri, mafuta ya kupaka, na aspirini kwenye karatasi zake, wakitandaza chini na kuita wateja kwa heshima "mukwai, mukwai" kama Wazambia, hata wale ambao mji wao wa Nakonde walikuwa wameuona kutoka ng'ambo ya mpaka tu. Bibi aliijua aspirini tangu ujana. Jino lilikuwa limemtesa mpaka akataka kujigonga kwa jiwe, mtu mmoja akampa kidonge, na maumivu yakaondoka. Hakusahau. Alirudi kutoka mnadani na vidonge vyake amevifunga kwenye pindo la khanga.

Kesho yake asubuhi akavuka uwanja.

"Mkwe, umeamkaje?"

"Mimi nimeamka, mama. Mgongo ndio bado umelala."

"Basi tutauamsha."

Mama akakinga viganja viwili. Bibi akafungua fundo, akaweka kidonge katikati, akamwambia atafune ili kisichelewe njiani, ashushie na chai ya rangi, na asile chochote mpaka jua lipande. Mama akatafuna huku amekunja uso. Mimi nikapewa ile karatasi nichezee.

Na ilifanya kazi, nisiseme uongo. Siku ile Mama alipanda mpunga akiimba. Bibi alisimama kwenye tuta, mikono kiunoni, akamwambia kila aliyepita, "Mnamsikia huyo?" Kwake aspirini ilikuwa mzizi kama mizizi mingine, umetoka mbali tu. Na mzizi haunywewi mara moja ukaachwa. Unanywewa kila asubuhi mpaka ugonjwa wenyewe useme basi. Kwa hiyo kila asubuhi Bibi alivuka uwanja, kila asubuhi Mama alikinga viganja, na lilipokwisha fundo moja, siku ya mnada lilifungwa lingine.

Sijui ni wakati gani mambo yalianza kugeuka. Nakumbuka Mama akikaa kwenye kigoda na kujikandamiza ngumi chini ya kifua. Alisema panamuungua. Bibi alimwambia hapo ndipo dawa inapopigana, avumilie. Baadaye nikaona anasimama njiani kuvuta pumzi tukitoka kisimani, yeye ambaye zamani alikuwa ananiacha nyuma. Akaanza kula udongo wa kichuguu. Alikuwa anaumega kwa siri na kuuficha mfukoni, na mimi nilidhani ni utamu anaoninyima, nikamwibia kidogo, nikatema. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Asubuhi alipovikinga, kidonge kilikuwa kama kimepotea humo ndani.

Siku moja kisimani alimwambia mama mdogo, yaani mke wa baba yangu mdogo, jambo ambalo nadhani hakutaka nilisikie. Alisema choo chake kimekuwa cheusi tii, kinanata, kama lami ya barabara ya Mlowo.

Mama mdogo akatua ndoo. "Hiyo ni damu yako, dada," akasema. "Kuna mtu anakunywa."

Nimelitafakari neno lile miaka mingi. Mama mdogo hakusoma, hakuwa na nia mbaya, na nusu ya aliyoyasema ilikuwa kweli. Ilikuwa damu. Kwetu iliaminika kwamba mchawi akimnyonya mtu, yale makapi ya damu hutokea kwa chini yakiwa meusi. Kwa hiyo kila aliyeambiwa alijua papo hapo kinachotendeka, na akabaki kujiuliza swali moja tu, la nani.

Baba alimpakia Mama kwenye baiskeli akampeleka zahanati. Wakasema damu imepungua, ale maini na mboga za majani. Wakamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Mama akasema hapana. Hakudanganya. Alidhani wanauliza mizizi, na mizizi alikuwa hanywi. Kile cha asubuhi kilikuwa kidonge tu cha mgongo, kitu cha kutandazwa mnadani karibu na betri. Nani angekitaja?

Na Bibi, alipoona mkwewe anaisha mbele ya macho yake, alifanya kile ambacho mwenye upendo hufanya. Aliongeza. Sasa alivuka uwanja asubuhi na akavuka tena mchana. Nilimwona akimshika Mama uso kwa mikono miwili na kumwambia, "Mwanangu, kama ugonjwa ungekubali kuhama, ningeubeba mimi." Akalia. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akilia bila msiba, nikaenda kujificha nyuma ya ghala.

Baada ya mavuno wakaletwa Lambalamba. Kwa asiyewajua, hao ni waganga wanaozunguka vijiji huku kwetu kufichua wachawi. Wanakuja kundi, wanakusanya watu wote, wakubwa kwa wadogo, kila mtu analambishwa dawa, kisha wanaanza kunusa na kuchimba. Mwaka ule ng'ombe walikuwa wamekufa, watoto wawili walikuwa wamezikwa, na Mama alikuwa hawezi kuvuka uwanja bila kushikwa. Wanakijiji wakasema imetosha.

Tulipangwa kwenye uwanja wa mnada, jua la mchana likiwa kichwani. Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye kioo kilichoshonewa kwenye kofia. Alipita mstari mzima polepole. Nilikuwa nimeshika khanga ya Bibi, na niliona miguu ya yule kijana ikisimama mbele yetu.

"Mama huyu mkono wake unanyonya," akasema.

Watu hawakushangaa. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko mengine. Kumbe lilikuwa limekwisha kusemwa kisimani, kilabuni, hata kanisani, na sisi tu ndio tulikuwa hatujalisikia. Nani anampa mgonjwa chakula? Nani anavuka uwanja kila siku amefunga kitu kwenye pindo? Nani anakaa hapo mpaka ahakikishe amemeza? Wakaenda nyuma ya jiko la Bibi na jembe, na ardhi yetu wakati wa kiangazi inavunja mpini, lakini wao walichimba kidogo tu wakatoka na pembe iliyofungwa kitambaa chekundu. Wakaiinua watu waione.

Bibi hakupiga kelele. Alimtazama Baba. Baba alikuwa mtu mkubwa, anaweza kubeba gunia begani na kupiga soga njia nzima. Alitazama chini, akawa anachora mchanga kwa kidole cha mguu kama mtoto. Sitamlaumu. Kama angesimama upande wa mama yake, angekuwa anamuua mkewe mbele ya kijiji kizima. Mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka pembeni. Alisema, "Siyo mama. Mama hawezi." Alisema hivyo mara kadhaa, lakini sauti ilikuwa haifiki hata kwenye mguu wa mkeka. Mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa nimekimbilia kwake. Nilitaka kuwaambia watu kwamba anasema kitu. Nikamvuta nguo baba mdogo, akaniondoa kama mtu anayemwondoa kuku.

Wakamnyoa Bibi kichwa. Wakamchanja. Kisha yule kijana akatoa amri: tangu leo mkono wa mwanamke huyu usimpe mkwewe kitu chochote, si chakula, si dawa, si maji.

Amri ikafuatwa. Na Mama akapona.

Ningependa nikuambie hakupona, maana ningejua pa kusimama. Lakini alipona. Kwanza aliacha kujishika kifua. Kisha kile choo kikarudi rangi yake, akamwambia mama mdogo, mama mdogo akawaambia wote. Akaacha udongo. Viganja vikaanza kuwa na wekundu, na kabla ya mvua kuanza alikuwa anateka maji mwenyewe, mgongo ukimuuma kama zamani, lakini anateka. Kijiji kizima kilimwona akipita na ndoo, na kila hatua yake ilikuwa ushahidi dhidi ya Bibi. Nani angebisha? Mimi mwenyewe, mtoto niliyemjua Bibi kwa harufu, nilianza kumwangalia mikono kwa woga.

Na Bibi alikuwa anaona. Alikaa mlangoni kwake na kilemba chake juu ya kichwa kilichonyolewa, akamtazama Mama anavyonawiri. Akiniona napita, aliniita kwa sauti ya chini.

"Mama yako amekula?"

"Amekula, Bibi."

"Amemaliza?"

"Amemaliza."

"Mungu ashukuriwe." Kisha aligeuza kiganja chake, akakiangalia mbele na nyuma, kama mtu aliyekipata njiani.

Tangu hapo hakumpa mtu kitu mkononi. Alikuwa na desturi ya kunikaangia karanga. Aliendelea kukaanga, lakini aliziweka juu ya jiwe lililokuwa karibu na mlango, akarudi nyuma hatua chache, akaniambia, "Okota, mjukuu wangu." Hakuna aliyemwamuru hilo kwa wajukuu. Alijiamuru mwenyewe. Njia ya uwanjani ikaota nyasi.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nikahamia mjini. Baba akafariki, na Mama akaja kukaa kwa mdogo wangu Mlowo, kwenye biashara ya mazao. Magoti yakaanza kumsumbua. Duka la dawa lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na sasa hakukuwa na mtu wa kumkingia viganja, basi akajinunulia. Aspirini, kila asubuhi, na chai ya rangi, kabla ya kula. Ndivyo alivyofundishwa dawa inavyonywewa. Mdogo wangu akanipigia simu kwamba Mama ameanguka chooni. Tulipomfikisha hospitali, viganja vyake vilikuwa vile vile nilivyovijua utotoni.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole aliyeonekana kuchoka. Alimuuliza Mama anatumia vidonge gani vya maumivu, akakazia, "Hata vile vya dukani, mama, hata kama unaona ni vidogo tu." Mama akasema. Daktari akatikisa kichwa, akatueleza taratibu. Kwamba aspirini inakwaruza tumbo. Kwamba mtu asiinywe na njaa, asiizoee kila siku bila kupimwa na kuambiwa, na mwenye vidonda vya tumbo asiiguse kabisa, wala asichanganye na pombe. Na watoto wenye homa wasipewe. Kwamba ikichubua tumbo, damu inavuja ndani kidogo kidogo, mtu hana habari, anajiona tu anachoka.

Mama akauliza, "Na hiyo damu inatokaje, dokta?"

"Inatoka na choo. Ila inakuwa imeshabadilika huko tumboni. Inakuwa nyeusi, inanata kama lami. Mtu akiona hivyo asingoje hata siku moja."

Mama alinitazama. Nilimtazama. Daktari alidhani tumeogopa, akasema usijali, mama, tumewahi.

Mama alipopata nafuu, hatukukaa. Tulipanda gari la Msangano sisi wawili. Nilikuwa na furaha, nisikufiche. Nilikuwa nimebeba habari ya kumtoa mtu kifungoni, na njia nzima nilipanga maneno. Bibi alikuwa hai bado, mkongwe, macho yamefifia, anaishi na mjukuu mmoja katika nyumba ileile. Tulikaa mkekani. Nikamweleza kila kitu, polepole, kama daktari alivyotueleza. Kwamba hakukuwa na uchawi. Kwamba ile pembe walikuja nayo wenyewe. Kwamba ni aspirini ndiyo iliyokuwa ikimtoa Mama damu, na alipona kwa sababu aliacha kuinywa, basi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo damu ilikuwa inatoka kweli," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Kwa sababu ya vidonge."

"Na vidonge alikuwa anapewa na nani?"

Maneno yote niliyoyapanga kwenye gari yalikuwa ya swali jingine.

"Basi yule kijana hakukosea," Bibi akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyekuwa na shaka kidogo iliyobaki, na sasa imeondoka.

Nikaanza kubisha. Nikasema hukujua, Bibi, ulimpenda, hakuna mtu aliyejua. Akaniitikia tu, "Eeh, mjukuu wangu, eeh," kama anavyoitikiwa mtoto. Ndipo Mama akasogea. Alisogea kwa magoti yale mabovu mpaka mbele ya Bibi, akakinga viganja viwili.

"Mama, nina kiu," akasema. "Nipe maji kwa mkono wako."

Bibi akapapasa mtungi, akachota kikombe. Maji yakamwagika kidogo. Akakifikisha karibu na viganja vya Mama, karibu kabisa, mpaka nikashusha pumzi. Kisha akakiweka chini, mkekani, katikati yao.

"Okota, mwanangu," akasema.

Mama hakuokota. Aliacha viganja vyake pale hewani, na Bibi akaficha mikono yake chini ya khanga. Walikaa hivyo wanawake wale wawili waliokuwa wakisukana nywele, na mimi ninayebishana na kila mtu nikabaki kukitazama kikombe. Mwishowe mikono ya Mama ikachoka. Akainama, akaokota kikombe, akanywa maji yote.

Bibi alifariki mvua zilizofuata. Nimejaribu tangu hapo kulipa jambo hili jina, nikashindwa. Angekuwa amesingiziwa tu, tungemsafisha. Angekuwa na hatia, tungemsamehe. Lakini walimshika kwa uongo, wakamshika mkono ambao kweli ulitoa kidonge, na sayansi ilipokuja kumtetea, ikamshika palepale. Sijui mtu kama huyo anatolewaje kifungoni.

Wateja wangu wakilalamika kichwa, nawauliza wamekula, nawauliza wana vidonda vya tumbo, nawaambia wasigeuze kidonge cha maumivu kuwa chai ya kila siku. Wananitania kwamba niache mchele nifungue zahanati. Na nyumbani, mwanangu mkubwa akiumwa na akiwa ameandikiwa dawa, nahakikisha ameshiba kwanza, nasoma maelekezo mara mbili. Kisha mimi huyu nisiyeamini uchawi naweka kidonge mezani, narudi nyuma kidogo, namwambia achukue mwenyewe.